Enzi za Kuponi

Miaka ya tisini, lori la promosheni likifika Kondele mjini Kisumu, mtaa mzima wa Manyatta ulijua. Spika ziliita, watoto tukakimbilia fulana na kofia, na wakubwa wakajifanya wanapita tu. Mtangazaji alimpandisha mama mmoja jukwaani, akamuuliza anafulia sabuni gani. Mama alilijua jibu linalotakiwa. Aliyejibu vingine alinyang'anywa kipaza sauti, muziki ukapandishwa.

Kwa hiyo wanaodhani kampuni zimeanza leo kutafuta maneno ya mteja wamesahau. Tulikata makaratasi ya sabuni na pakiti za majani ya chai, tukajaza kuponi kwa sentensi moja ya kwa nini tunaipenda bidhaa, tukabandika stempu na kuituma kwenye sanduku la posta la Nairobi. Waliosifu walisomwa redioni. Aliyeandika kwamba majani yamejaa vumbi hakusikika tena, ila mwenye duka alimbadilishia pakiti. Ilikuwa dhuluma, tena ya wazi. Lakini aliyechagua barua alijulikana, na kelele iliishia dukani.

Mchezo ulibadilika wenye bidhaa walipowakabidhi watu mlango wenyewe. Mwaka 2006 Chevrolet iliwapa Wamarekani picha za gari lake la Tahoe, muziki na nafasi ya kuandika maneno, watengeneze tangazo mtandaoni. Wengine wakatengeneza matangazo ya kulilaumu gari hilo kwa kunywa mafuta na kuchafua hewa. Januari 2012 McDonald's ikalipia alama ya reli #McDStories kwenye Twitter, ikitarajia hadithi tamu. Zilimiminika hadithi za kuumwa tumbo, na baada ya saa mbili hivi kampuni ikaacha kuitangaza. Zote mbili zipo hadi leo na zinauza. Kampuni kubwa hutukanwa asubuhi, jioni ikafungua milango kama kawaida.

Ninaowahofia ni wa kwetu. Kuta za maduka ya Manyatta zilizopakwa rangi za Celtel, kisha Zain, kisha Airtel, bado zinapakwa, ila biashara imehamia kwenye simu. Mwenye hoteli ya samaki anawaomba wateja wapige picha ya sahani, waiposti na kumtaja. Wengi humsifu. Anatokea mmoja aliyecheleweshewa ugali, anaandika kwamba hao ni samaki wa Mchina. Anayekumbuka kelele za 2018 kuhusu samaki walioagizwa kutoka China anajua maneno hayo yanafanya nini Kisumu. Mwenye hoteli anaweza kuwa amenunua ngege wake alfajiri pale ufukweni Dunga, lakini nani atamsikiliza? Kwa kuponi, neno hilo lingekufa kwenye bahasha. Sasa linafika soko la Kibuye kabla yeye hajazima jiko.

Halafu kuna upande ambao hatuuzungumzii: uso wa mteja. Zamani picha yako haikuingia kwenye tangazo bila wewe kupelekwa studio. Sasa unakula, unapigwa picha, na kesho unaupamba ukurasa wa hoteli, labda ukiwa na mtu ambaye nyumbani hawamjui. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakukubali. Mtu kutabasamu kwenye picha si idhini.

Faini ndogo kati ya hizo mbili ingefunga kila hoteli ya samaki ninayoijua Manyatta, na bado sijaona hata moja inayomuuliza mteja kabla ya kumposti.