Kobe wa Jiwe na Suala la Uhalisi

Katika miaka elfu moja hivi iliyowatangulia wafalme wa kwanza wa Misri, wakazi wa bonde la Nile walisagia rangi ya macho juu ya vibao vya jiwe la kijivu. Vingi vilichongwa kwa umbo la samaki, kobe, ndege au kiboko. Flinders Petrie alipofukua makaburi ya Naqada mwaka 1895, vibao hivyo vilijulikana kwa wataalamu. Vilipojulikana vikapata soko, na soko likazaa waghushi.

Kuwabaini waghushi si kazi rahisi, kwani umri wa jiwe si umri wa mchongo. Mwigaji aweza kuchukua kibao cha kale kisicho na pambo, akakitia nakshi mpya: jiwe ni la kale, kazi ni ya juzi. Ndiyo maana mtafiti hulitegemea kaburi: kibao kilikutwa wapi, kando ya mifupa gani, pamoja na vyungu gani. Kibao cha dukani kimepoteza ushahidi huo. Kilichobaki ni neno la muuzaji, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Mwalimu mmoja wa historia huko Bombambili, mjini Songea, huvitumia vibao hivyo kufundishia jambo lililo karibu zaidi na wanafunzi wake. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, na wazawa wake wanasadiki kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika katika Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Hapo ndipo mwanafunzi alipouliza: "Mwalimu, wakituletea fuvu, tutajuaje kuwa ndilo?"

Swali hilo ni zito kuliko la kobe wa jiwe. Mnunuzi aliyedanganywa hupoteza fedha yake. Ukoo uliopewa fuvu lisilo lake utamzika mgeni kwa jina la babu, na jamaa za mgeni huyo watazidi kumngoja mtu aliyekwisha kuzikwa kwingine.

Sayansi husaidia, lakini haitangulii. Mwaka 2023 huohuo, watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Ni machache tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kuwatafuta jamaa. Kati ya hayo, vinasaba viliyahusisha matatu na watu walio hai nchini Tanzania. Pasipo maandishi ya kuonyesha fuvu lilichukuliwa wapi, hata damu ya kulinganishia haijulikani itafutwe kijiji gani.

Basi uhalisi haukai ndani ya kitu peke yake. Hukaa katika mnyororo wa mikono iliyokipokea, na aliyekiondoa kitu mahali pake bila kuandika alikata pingili ya kwanza. Deni la kuiunga ni lake na warithi wake, si la wale wanaongoja Songea.