Ni Nani Aliyeagiza?



Hakuna mmoja wetu asiyeijua kazi ya kutumwa. Mama humpa mtoto kikaratasi kilichoandikwa, "Mpe huyu sukari kilo mbili, nitalipa mwisho wa mwezi," na mwenye duka hupima sukari akampa. Kazi imefanyika dukani, lakini aliyeiagiza yuko nyumbani. Kompyuta nazo hutumana vivyo hivyo. Moja huandika agizo, hulipeleka kwa waya au hewani, na nyingine hulitimiza na kurudisha jibu. Jambo hilo tuliite wito wa kazi kwa mbali. Mabwana wawili waliokuwa katika maabara ya Xerox huko California, Andrew Birrell na Bruce Nelson, waliandika makala mashuhuri juu yake mwaka 1984, na humo humo walieleza jinsi maagizo hayo yanavyoweza kulindwa kwa maandishi ya fumbo. Yaani hatari zake zilionekana mapema.

Hatari hizo ni tatu. Ya kwanza, mwenye duka hajui kama ni mama kweli aliyeandika kile kikaratasi. Ya pili, mtu aweza kukigeuza njiani, mbili ikawa nane. Ya tatu, kila apitaye aweza kukisoma, akajua kwamba nyumba ile inakopa. Dawa ya hatari ya kwanza ni uthibitisho, ya pili ni uzima wa ujumbe, na ya tatu ni siri. Watu wengi huzichanganya dawa hizi, wakadhani mwenye moja anazo zote. Sivyo. Barua yaweza kuwa ya siri kabisa, na bado usijue imetoka kwa nani.

Nimelifikiri sana jambo hili kwa sababu ya rafiki yangu. Katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa, nayo sitaitaja jina, mafaili ya wanafunzi wote yaliwekwa katika kompyuta kuu moja, na kompyuta za mezani ziliyaomba kwa maagizo ya namna hii. Siku moja kazi za wanafunzi kadhaa zilionekana zimefutwa, na mahali pake pamewekwa mafaili matupu. Mafaili hayo yalikuwa na namba ya rafiki yangu kuwa ndiye mwenyewe. Aliitwa, akaulizwa, akakana. Akaambiwa kwamba mashine haisemi uwongo. Akafungiwa mlango wa chumba cha kompyuta mpaka mwisho wa mwaka, na wenzake wakamwita mharibifu.

Ni kweli kwamba mashine haisemi uwongo, lakini husema iliyoambiwa. Kompyuta kuu ile ilifuata desturi ya miaka ya 1980, iliyoenea pamoja na mfumo wa mafaili wa kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Katika desturi hiyo kompyuta inayoagiza hujitaja tu: "Mimi ni kompyuta fulani, na anayeomba ni mtu namba 1007." Haitoi ushahidi wowote. Mtu mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta yake mwenyewe, akiichomeka katika mtandao ule, aweza kuandika namba aipendayo. Namba hiyo ni kama jina la mama juu ya kikaratasi. Kila ajuaye kuandika aweza kuliandika. Mimi namwamini rafiki yangu, lakini imani yangu si ushahidi. Namba ile nayo haikuwa ushahidi.

Wataalamu walitafuta dawa. Kufuli moja ya mapema ya Sun ilitegemea hesabu ya namba kubwa yenye biti 192, yaani kama tarakimu 58 hivi. Mwaka 1991 Brian LaMacchia na Andrew Odlyzko walionyesha kwamba hesabu hiyo yaweza kufumbuliwa. Kufuli ilikuwapo, lakini chuma chake kilikuwa chembamba.

Dawa iliyodumu zaidi ilitoka katika chuo cha MIT, katika mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983. Huitwa Kerberos, jina la mbwa wa hadithi za Wayunani mwenye vichwa vitatu, alindaye mlango wa kuzimu. Hapa yuko mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, mfano wa mzee wa mtaa. Mzee huyo anaijua siri ya kila mmoja. Mwanafunzi humwonyesha kwamba analijua neno lake la siri, bila kulipitisha neno lenyewe katika waya. Ndipo mzee hutengeneza ufunguo mpya. Nakala moja humpa mwanafunzi, na nakala ya pili huitia pamoja na jina la mwanafunzi katika cheti kilichofungwa kwa siri ya kompyuta kuu. Mwanafunzi hukichukua cheti hicho, wala hawezi kukifungua. Wahenga walisema, mtumi wa kunga haambiwi maana. Kompyuta kuu hukifungua, nayo hupata ufunguo na jina. Sasa wawili hao wana ufunguo mmoja, na hakuna mwingine aliye nao ila yule mzee.

Mwaka 1997 ilichapishwa kanuni ya kuutumia ufunguo wa namna hiyo katika maagizo ya mbali, kwa ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza hutiwa lakiri kichwa cha agizo tu. Aombaye hujulikana, lakini mwili wa agizo waweza kugeuzwa njiani. Katika ngazi ya pili mwili wote hupigiwa hesabu kwa ule ufunguo, ikapatikana alama fupi. Ukibadili hata herufi moja, alama haikubali. Katika ngazi ya tatu mwili wenyewe hufumbwa, asiusome apitaye.

Palibaki hila moja. Mwizi aweza asiivunje lakiri, bali akalinakili agizo zima na kulipeleka mara ya pili. Kwa hiyo kila agizo hupewa namba ya mfuatano. Namba iliyokwisha kuonekana ikija tena, kompyuta kuu hulitupa agizo hilo kimya kimya, isijibu neno. Jibu nalo hurudi na alama yake, ili aliyeagiza ajue kwamba ajibuye ndiye aliyemkusudia.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kimefunikwa. Hata katika ngazi ya tatu kichwa cha agizo hubaki wazi, kama anwani juu ya bahasha. Anayechungulia hajui umeandika nini, lakini aweza kujua kwamba umeomba kusoma au umeomba kufuta. Ndiyo sababu mwaka 2022 ilitolewa kanuni nyingine ya kuipitisha safari yote, bahasha na barua, ndani ya mfereji mmoja wa fumbo. Tena Kerberos hutaka saa za kompyuta zikubaliane. Kwa kawaida tofauti isizidi dakika 5. Betri ya saa ikifa na umeme ukakatika, mashine huamka ikidhani ni mwaka mwingine, na mwenye haki hukataliwa mlangoni. Anayetaka ulinzi huu sharti azitunze saa zake.

Wengine husema, "Sisi shule tu, tuna siri gani?" Nami nasema, tuna alama za mitihani, tuna habari za ugonjwa wa mwenzetu, tuna majina ya wasiolipiwa michango. Alama za mitihani zinataka uzima kuliko siri, kwa kuwa mwishowe hubandikwa ukutani. Habari za ugonjwa zinataka yote matatu. Mwenye kupanga mtandao na aulize kwanza ni kitu gani anachokilinda, kisha achague ngazi, kwa maana kufumba kila kitu huichosha mashine dhaifu.

Lakini zaidi ya hayo tuna majina yetu. Mimi naona uthibitisho haukuwekwa kwa ajili ya kumkamata mwovu peke yake. Umewekwa pia ili asiye na kosa aweza kusema "si mimi," na neno lake lipimike. Pale mtandao usipoweza kuthibitisha, wenye kuhukumu na wasiitumie namba kama kiapo. Wamwite mtu, wamsikilize, watafute ushahidi mwingine. Na wakiukosa, wamwache aende darasani.

Mwanafunzi wa Kidato cha V