Mashua Yetu Yashuka kutoka Ndosho

Wamama wapenzi, ninyi mnaouliza kila kikao, "Ile mashua imefika wapi?", leo tunawajibu. Iko Kituku, ndani ya maji. Kuifikisha huko kulituchukua siku mbili, ijapokuwa kutoka Ndosho hadi ziwani mtu anakwenda kwa miguu na kurudi kabla sombe haijaiva.

Mnakumbuka kwa nini tuliitaka. Mwanzoni mwa 2024 vita vilipokata barabara ya Sake kwenda Minova, chakula cha upande ule kikawa kinatufikia kwa maji. Mashua zikajazwa watu na magunia mpaka maji yanagusa ukingo. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, na waliokuja kupokea ndugu zao wakaona kwa macho yao kutoka ufukweni. Baada ya hapo tulianza kuweka kando sehemu ya likelemba yetu, kidogo kidogo, ili tupate mashua yetu, ndogo, na jile ya kuelea kwa kila anayepanda.

Fundi wetu anakaa Ndosho, naye aliijenga nyuma ya nyumba yake. Mbao nzuri, misumari ya kutosha, urefu mita 9. Tulikwenda kuikagua mara tatu, tukagonga mbao, tukatikisa vichwa kama wajuzi. Kitu kimoja hakuna aliyekipima: mlango wa uzio.

Basi siku ya kwanza iliisha nusu kwa kubomoa ukuta wa jirani. Bahati ni kwamba kuta zetu za Goma ni mawe ya volkano yaliyopangwa tu, yanatoka moja moja. Bahati mbaya ni kwamba jirani alikuwa na kuku. Tulikamata kuku kumi na mmoja. Yeye anasema walikuwa kumi na wawili. Jambo hilo bado liko mezani.

Shofa wa kamioneti alikuwa ametuhakikishia kwamba anajua kazi. Alituonyesha katika simu yake video ya Florida, Marekani: mashua ya kwenye vinamasi, ile yenye feni kubwa mgongoni, inavutwa na gari juu ya lami, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Yeye alitengeneza remoki yake kwa ekseli ya gari kuukuu na mbao mbili, akaifunga kwa kamba. Tulimwambia, "Papa, Florida hakuna Nyiragongo." Akacheka.

Mji wetu umelala juu ya mawe, mnayajua. Yale ya 2002 yalipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ya kule Ndosho ni ya zamani zaidi, lakini kwa tairi ni yale yale. Hata hivyo kosa la kwanza halikuwa la mawe, lilikuwa la watoto. Tulipoondoka walikuwa kumi, tulipogeuka walikuwa kama thelathini, wote wamekaa mkiani mwa mashua. Mkia ukashuka, pua ikapanda juu, na kamioneti nayo ikainuliwa matako. Tairi za nyuma zikawa zinazunguka hewani huku shofa akiongeza moto, haelewi kwa nini haendi.

Watoto wakashushwa. Tukafika mteremkoni. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kamba inavuta tu, haizuii. Gari likipunguza mwendo, mashua haina habari. Ikampiga nyuma, pa! Taa moja ikavunjika. Akakimbia kidogo, ikamfuata, pa! Taa ya pili. Watu wa barabarani waliona gari linaikimbia mashua kama mtu anayemkimbia mdai wake.

Polisi mmoja wa barabarani akatusimamisha. Akaizunguka mara mbili, akauliza, "Hii ni gari au ni mashua?" Kesiye wetu akajibu, "Ni mgonjwa, tunampeleka majini." Polisi alicheka mpaka akashika kofia, akatupisha. Tuliposimama hapo, mama mmoja na kabichi zake tayari alikuwa amepanda na kukaa, anauliza bei ya Minova.

Kabla ya jua kuzama, ekseli ikakatika katikati juu ya jiwe. Shofa akataka tulaze mashua kwenye kibonde pembeni ya barabara, naye alale humo, upepo usimsumbue. Mama mkubwa kati yetu akakataa kabisa, na hapa hatutanii: upande wa Keshero na Mugunga vibonde vina mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia chini. Haionekani, na imeua mbuzi na watu. Mtoto asiachwe kucheza wala kulala mle, hasa usiku na alfajiri. Tulilinda mashua juu ya barabara, tumejifunika vitenge, tukila mahindi ya kuchoma.

Asubuhi walipita vijana wa chukudu wanne wametoka kushusha makaa. Waliangalia ekseli, wakaangalia shofa, hawakusema neno. Chukudu mbili chini ya pua, mbili chini ya mkia, kamba za mpira, na kila kijana amekanyaga gurudumu lake la nyuma kwa ndala kama breki. Kwenye kona waliimba ili wageuke pamoja. Kabla ya saa nne tulikuwa Kituku. Kumbe ndiyo maana mji huu umeisimamishia chukudu sanamu, na kamioneti haina.

Tukaisukuma majini kwa vigelegele. Ikaanza kujaa maji.

Fundi hakushtuka. Mbao zilikauka juani, alisema, ziacheni zinywe. Kwa siku mbili mashua ya chama ilikaa imezama nusu, wauza sambaza wakitupa pole kama tuliofiwa. Siku ya tatu mbao zilikuwa zimevimba na kubanana. Tukachota maji, na hayakurudi tena.

Ubavuni tumeandika kwa rangi nyeupe: WATU 20. Safari ya kwanza jile zilikuwa 20 na watu 20, injini imeshawashwa, ndipo akaja mbio Mama Prezida wetu mwenyewe na mzigo wake wa vitenge kichwani. Alikuwa wa ishirini na moja. Kesiye akamtazama, naye akamtazama kesiye. Wote mashuani wakanyamaza.

Mama Prezida alishusha mzigo, akaketi juu yake pale ufukweni, akasema atangoja zamu ya mchana.

Kuku wa kumi na mbili, yeyote atakayemwona, amlete kwa kesiye.