Mtoto wa Kisiwa Panza Mbele ya Jopo

Orodha ya walioitwa kwenye usaili ikitua kwenye simu, mtu wa Kisiwa Panza haanzi kuuliza ataulizwa nini. Anauliza maji yatajaa saa ngapi. Kisiwa chetu kimekaa kusini kabisa mwa Pemba, wilaya ya Mkoani, na usaili uko Chake Chake saa moja na nusu asubuhi. Lazima upande chombo, ushuke Chokocho huku vyeti umevifunga visilowe, kisha utafute gari. Mwenye jamaa Chake huenda kulala huko tangu jana yake. Asiye na jamaa hutoka na giza. Jopo halina habari na safari hiyo. Laiti wapanga ratiba wangewaweka watu wa Kisiwa Panza, Kojani, Fundo na Makoongwe kwenye zamu za mchana, lisingewagharimu kitu.

Naandika kutoka Uingereza. Huku nimekaa mbele ya majopo ya hospitali na ya halmashauri, na siku hizi vijana wa nyumbani hunipigia simu niwafanyishe mazoezi kabla ya usaili wao. Kuwasikiliza ndiko kulikonifanya nilinganishe usaili wa huku na wa nyumbani.

Kwanza tuelewane kuhusu wingi wa watu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita wasailiwa zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70, na picha ya vijana waliojaza viti vya mpira wakingoja karatasi za mtihani ilizunguka nchi nzima. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596, yaani takriban watu 85 kwa kiti kimoja. Zanzibar nako, tangu maombi yahamie kwenye mfumo wa ZanAjira, kijana wa kisiwani anaomba kwa simu bila kupanda boti, na hivyo hivyo kila mtu. Msaili aliyeona nyuso arubaini tangu asubuhi hatafuti tena sababu ya kukuchukua. Anatafuta sababu ya kukutoa, na cheti halisi ulichosahau nyumbani kinamtosha. Ukali mwingi wa wasaili tunaoulalamikia umezaliwa hapo.

Maswali yenyewe nayo ni mbalimbali. Kwetu msailiwa hupimwa anachokijua. Jitambulishe. Taja majukumu ya ofisa wa ngazi hii. Eleza Dira ya Maendeleo ya Zanzibar 2050. Kijana anakesha akikariri, kama alivyokesha skuli kwa mtihani wa kidato cha nne, na akikariri vizuri anapita mchujo. Huku Uingereza hupimwa alichokifanya. Tueleze siku uliyokutana na mgonjwa mwenye hasira. Tueleze kazi iliyokushinda, ukafanyaje. Jibu linatakiwa lipite hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Wenyewe huuita mtindo huo STAR. Maswali hayana siri kubwa. Mwaka 2023 maduka ya John Lewis yaliyaweka hadharani kwenye intaneti maswali yao ya usaili, kila mwombaji ayasome kabla hajaenda.

Hapo ndipo mtoto wa Kisiwa Panza anapokwama, hata akiwa na shahada. Nikimuuliza kwa simu, "Umewahi kuongoza jambo gani?" ananijibu, "Tulisaidiana tu, Mungu akajaalia." Namuuliza tena, ananijibu kwamba wazee walikuwepo. Jibu hilo kwetu ni adabu tupu. Tumelelewa chuoni kwa maalim, ambako mkubwa hatazamwi usoni, na anayejisifu huambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini karatasi ya jopo la Kiingereza ina mstari unaouliza yeye mwenyewe alifanya nini, na mstari huo ukibaki mtupu hapana alama, hata kama jopo zima limekupenda.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumwambia ajione anatoa ushahidi. Shahidi hajisifu. Anasema alikuwepo, aliona hiki, alifanya kile, likatokea hili. Kijana akishika hivyo, haya inamtoka na maneno yanakuja.

Na mambo ya kushuhudia anayo tele. Kisiwani kwetu wavuvi walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwa kamati ya wavuvi ya shehia na msaada wa shirika la Mwambao. Fikiria kilichomo ndani ya jambo hilo. Kuna kumshawishi mvuvi ambaye jioni ya leo watoto wake hawana kitoweo. Kuna kumzuia aliyekuja usiku kuiba mwambani, naye ni binamu yako. Kuna kupima pweza siku ya kufungua, kuandika uzito, na kugawana bila ugomvi. Kijana mmoja niliyemfanyisha mazoezi alikuwa ndiye mshika daftari siku ya kufungua, na hakuona kama hiyo ni habari ya kumpelekea mtu ofisini. Alitaka kuniambia kuhusu kozi ya kompyuta. Nikamwambia kompyuta wanayo wote arubaini. Aliyesimama ufukweni na mizani baina ya wavuvi wenye njaa ni yeye peke yake. Vivyo hivyo kwa aliyepanda mikoko maji ya chumvi yalipoanza kuingia mashambani, au msichana anayewawekea wenzake hesabu za mwani. Jopo la Chake Chake litaelewa kwa haraka zaidi kuliko la Leicester, Uingereza, ila na huko Leicester ukiwaeleza pweza ni nini na njaa ni nini, watakuandikia alama.

Sasa wasaili wagumu, maana ndilo ninaloulizwa zaidi.

Mgumu wa kwetu hujitangaza. Anatazama simu wewe ukizungumza. Anakuuliza kwa Kiingereza, kisha anacheka matamshi yako. Anakwambia, "Hata hili hulijui, na umemaliza chuo kikuu?" Vijana wengi huporomoka hapo, ama wakabuni jibu, jambo ambalo ni baya zaidi. Mtu huyu hapambaniwi. Jibu linaloelekea ni fupi, nalo lipelekwe kwa mwenyekiti wa jopo: "Hilo silijui, mwenyekiti. Ninalolijua karibu nalo ni hili." Halafu useme hilo ulijualo, kwa sauti ile ile uliyoingia nayo. Waliobaki mezani mara nyingi huwa wanaona haya kwa niaba ya mwenzao, na utulivu wako unawapa sababu ya kukusaidia.

Swali la "mtoto wa nani wewe?" nalo nalijua. Ukiulizwa ufukweni Chokocho ni mapenzi; mzee anataka kujua akupokeeje. Ukiulizwa chumbani kwa usaili lina uzito mwingine, kwa sababu anayefuata baada yako huenda ana mjomba wizarani, na Pemba ukoo na kijiji vinaweza kubeba habari ya siasa pia. Sishauri mtu akatae kulijibu. Taja jina la baba, taja kisiwa, kisha rudi kwenye kazi katika pumzi hiyo hiyo. Usiwaachie nafasi ya kulifuata.

Kwa wasichana maswali huwa magumu zaidi. Umeolewa? Mume ataridhika ukipangiwa Micheweni? Huku msaili mwenye akili haulizi hivyo, maana Sheria ya Usawa ya 2010 inaweza kumfikisha mahakamani. Sheria hiyo inazuia hata maswali ya afya kabla hujapewa kazi, isipokuwa kwa mambo machache. Nyumbani nako sheria hazikukosekana. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, inayokataza ubaguzi kazini, na Bara ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja ndoa na ujauzito waziwazi. Lakini msichana aliyetoka kisiwani hawezi kunukuu vifungu mbele ya watu watano wanaoshika riziki yake. Mpwa wangu nimemfundisha sentensi moja: "Kituo nitakachopangiwa nitaripoti." Inajibu haja halali ya mwajiri, na mambo ya nyumba yake yanabaki nyumbani kwake.

Mgumu wa Uingereza anatabasamu. Anakupa maji, anakuuliza kuhusu safari, anakwambia asante sana kwa kila jibu, na barua ya kukukataa inakuja wiki inayofuata ikiwa na asante nyingine. Ukimaliza kujibu, jopo linainama kuandika na chumba kinanyamaza. Sisi tuliozoea kuitikiwa kila baada ya sentensi tunadhani tumeharibu, tunaanza kuongeza maneno, na humo ndimo jibu zuri linapobomoka. Wanaandika tu, waache. Anayekurudia mara ya tatu, "wewe hasa ulifanya nini?", naye hakuchukii. Anatafuta alama ya kukupa na hajaipata.

Wapo pia wasioficha. Kwenye jopo moja huku mzee fulani alinikatiza kila nilipofungua mdomo, akidai hasikii lafudhi yangu, ilhali wenzake wawili walikuwa wakisikia na kuandika. Nilipunguza mwendo, nikaanza kila jibu kwa sentensi moja ya muhtasari, kisha nikamuuliza mwenyekiti kama nirudie. Mwenyekiti akasema hapana haja. Kazi sikuipata, lakini nilipoomba maelezo nilipewa alama zangu swali kwa swali.

Macho na mikono nayo yana taabu zake. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima Pemba, na huku husomwa kama kuficha kitu. Mwanamke asiyetaka kupeana mikono na mwanamume aweke mkono kifuani na atangulize salamu kwa uso mkunjufu. Sijaona jopo likilifanya tatizo. Nyumbani ingia kwa salamu, mpe shikamoo mkubwa, na usikae mpaka uambiwe.

Hukumu yangu baada ya kuonja kote ni kwamba tofauti kubwa haimo katika tabia za watu. Imo katika karatasi iliyo mezani. Msaili mkali mwenye maswali yale yale kwa kila mtu, na nafasi ya kuandika alama kwa kila jibu, ukali wake una mipaka. Msaili mpole asiye na karatasi anaweza kukudhulumu huku akicheka nawe. Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya tafiti za miaka 85 na kuzichapisha 1998, usaili uliopangwa ulionekana kutabiri utendaji wa mtu kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya papo kwa papo. Utumishi wa serikali wa Uingereza huweka alama 1 hadi 7 kwa kila jibu, na 4 ndiyo ya kukubalika. Ukikosa unaweza kuomba maelezo, na sheria ya taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba hata waliyoandika kukuhusu. Nyumbani majopo mengi yanatoa alama, nalijua hilo. Kinachokosekana ni aliyeshindwa kuambiwa alishindwa wapi, hivyo anarudi mwakani na kosa lile lile.

Nisiipambe Ulaya kupita kiasi, hata hivyo. Mtindo huo wa STAR, wa kusimulia visa na mikasa, unampendelea msemaji. Nimefanya kazi wodini na watu waliojibu jopo vizuri sana na hawajui kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza. Kwa hili usaili wa vitendo tulionao Tanzania naupenda zaidi: dereva anapewa gari, mhazili anapewa kompyuta achape, fundi anapewa waya. Hapo hakuna kuigiza, na mtoto wa kisiwani mwenye haya anapata haki sawa na mwenye ulimi.

Ombi langu ni kwetu sisi tulioko Uingereza, Oman, Dubai na Canada. Kijana wa nyumbani akikuomba nauli ya kwenda usailini, mpe, kisha mtengee saa nzima ya simu siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Muulize maswali matano kwa sauti ya mtu usiyemjua. Mkatize, mwache akae na ukimya, mwambie jibu lipi lilipwaya. Mwisho mwambie akusomee kwa jina vyeti halisi alivyotia mkobani, na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kikiwemo.