Jiwe la Kumi na Tano

Miongoni mwa kazi zinazokaribiana na uhakiki, ya kiongozi wa watalii ndiyo inayodharauliwa zaidi na wasomi. Kiongozi huchukuliwa kuwa mtu wa kukariri tu: hutaja mwaka, jina la mtawala na kimo cha mnara, kisha husonga mbele. Mwalimu wa fasihi anayezungumziwa hapa alikuwa na dharau hiyo alipofika Kyoto. Alikuwa amesomesha bunilizi za Kijapani katika tafsiri kwa miaka mingi, na alimkodi kiongozi kwa siku moja tu, kwa ajili ya lugha na mabasi.

Kiongozi mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mji huo. Alimwita mgeni wake sensei, yaani mwalimu, naye mgeni akamwita mama. Walizungumza kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

Mwalimu aliomba kwanza apelekwe penye lango la Rashomon. Alichokuta ni uwanja mdogo wa kuchezea watoto, na katikati yake nguzo ya jiwe yenye maandishi. Kiongozi alieleza kwa ufupi. Mji ulipofanywa makao makuu ya Japani mwaka 794, ulipangwa kwa njia zilizonyooka kwa kuigiza Chang'an ya Uchina, na lango hilo likasimama mwisho wake wa kusini. Dhoruba iliangusha lango mwaka 980, na halikujengwa tena. Kwa hiyo Akutagawa alipoandika hadithi yake mwaka 1915, lango lilikuwa halipo kwa zaidi ya miaka 900. Yeye alilijenga upya kutokana na masimulizi ya kale. Kurosawa naye alilazimika kuunda lango lake kwa ajili ya filamu ya mwaka 1950, ambayo kisa chake kikuu kinatokana na hadithi nyingine ya Akutagawa, ile ya mwaka 1922 kuhusu mauaji kichakani.

Maelezo hayo yalimfurahisha mwalimu. Yalithibitisha alilokuwa akiwaambia wanafunzi wake siku zote, kwamba matini hujitosheleza, na kwamba mahali halisi si chochote ila kisingizio cha mwandishi. Hata lango mashuhuri kuliko yote limo ndani ya maneno tu. Aliandika jambo hilo katika daftari lake akiwa amesimama kando ya jiwe.

Kutoka hapo walikwenda kaskazini hadi Kinkaku, jumba la dhahabu lililo juu ya kidimbwi. Jumba lile lilianza kujengwa na Ashikaga Yoshimitsu mwaka 1397. Lilinusurika vita vya Onin vya miaka 1467 hadi 1477, vilivyouteketeza sehemu kubwa ya mji. Mwaka 1945 Kyoto iliondolewa katika orodha ya shabaha za bomu la atomiki kwa shinikizo la Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani. Kisha, alfajiri ya tarehe 2 Julai 1950, mtawa mwanagenzi wa hekalu lenyewe akalitia moto. Linaloonekana leo lilijengwa upya mwaka 1955, na mwaka 1987 likavikwa dhahabu nzito zaidi.

Hapo mwalimu ndiye aliyegeuka kuwa kiongozi. Alisimulia kwa kirefu riwaya ya Mishima ya mwaka 1956: kijana mwenye kigugumizi, uzuri unaomkandamiza, na moto ambao ndio njia pekee ya kujikomboa. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

“Na mama yake?”

Mwalimu alijibu kwamba mama katika riwaya amesawiriwa kama mwanamke asiye mwaminifu kwa mumewe, mwenye tamaa ya kumwona mwanawe akiwa mkuu wa hekalu.

“Siulizi juu ya huyo, sensei. Nauliza juu ya mama yake.”

Ndipo akamweleza. Baada ya moto, mama wa kijana aliletwa Kyoto kuhojiwa na polisi. Wakati wa kurudi kwao alijirusha kutoka kwenye gari la moshi, akaangukia bonde la mto Hozu, akafa. Mwanawe alifungwa, akaugua kifua kikuu, akafa mwaka uleule riwaya ilipotoka. Tangu mwaka 1991 reli ile ya zamani imekuwa ikiwapitisha watalii wanaokwenda kutazama majani mekundu ya vuli. Yule mama mwenyewe huwapeleka wageni huko kila mwaka, na hajapata kuwaambia habari hiyo.

Mwalimu alijitetea kama ilivyo desturi ya taaluma yake. Riwaya si ripoti ya polisi. Mwandishi hana deni kwa tukio.

“Sikusema mwandishi amekosea,” alijibu mama. “Nimeuliza kama msomaji anajua.”

Akaongeza kuwa mwandishi Mizukami Tsutomu, ambaye utotoni alikuwa mtawa mwanagenzi katika mahekalu ya mji huohuo, aliurudia moto ule katika kitabu cha mwaka 1979, akifuatilia maisha ya kijana yule na umaskini wa kwao, pwani ya Bahari ya Japani. Mwalimu hakuwa amekisoma. Asiyekuwepo na lake halipo: kwa miaka yote hiyo mama yule hakuwa na mahali katika mihadhara yake.

Alasiri walifika Ryoanji, penye bustani ya changarawe yenye mawe 15. Kiongozi hakueleza maana yake. Alimwambia tu aketi barazani na kuhesabu. Mwalimu alihesabu 14. Akasogea kidogo, jiwe lililokosekana likatokea, jingine likajificha. Alisogea mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa vivyo hivyo. Yule mama hakuhesabu. Alikuwa amekaa nyuma yake akimtazama anavyosogea.

Jioni alipokea bahasha ya malipo kwa mikono miwili, akainama. Kisha akauliza kama sensei atawaambia wanafunzi wake. Mwalimu alijibu kwamba atafikiri namna ya kulisema.

Muhula uliofuata aliifundisha riwaya kama kawaida, tangu kigugumizi hadi moto. Alipofika ukurasa wa mwisho, ambapo mhusika anavuta sigara na kuamua kuishi, alifunga kitabu na kusimulia habari za gari la moshi. Darasa lilinyamaza. Mwanafunzi mmoja aliuliza iwapo hayo yamo katika riwaya. Mwalimu akasema hayamo. Mwanafunzi akauliza tena, kwa adabu, ni kwa nini basi wameambiwa, na je, yatatahiniwa?

Hayatatahiniwa, alisema mwalimu. Swali la kwanza alilizunguka kwa dakika kadhaa, akitaja nadharia mbili au tatu ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezitetea, na kengele ililia kabla hajapata jibu lililomridhisha. Muhula uliofuata alilisimulia tena.