Kura ya Mzee

Nilipopangiwa ukarani katika Mahakama ya Mwanzo moja huko juu Uluguru, mwishoni mwa miaka ya 1980, hakimu wetu alikuwa kijana wa kidato cha nne mwenye cheti cha sheria cha Mzumbe. Vifungu alivijua. Waluguru hakuwajua, kwao mpwa hurithi kwa mjomba.

Kazi alifundishwa na wazee wawili wa mahakama, mmoja kulia kwake, mwingine kushoto. Nakumbuka shauri la shamba la migomba. Mtoto wa marehemu alidai, mpwa wa marehemu akapinga. Hakimu alishaanza kuegemea upande wa mtoto, maana Tamko la Sheria za Mila la 1963 alilolisoma chuoni lilijengwa juu ya makabila ya ukoo wa baba. Mzee mmoja akaomba aulize: "Mwanangu, mama yako ni wa lukolo gani? Na miembe ile, nani alikuruhusu kupanda?" Kijana akataja ukoo mwingine, la pili akalinyamazia. Hakimu akaweka kalamu chini.

Wala hakuwa na hiari ya kuwapuuza. Mahakama ya Mwanzo iliamua kwa wingi wa kura, na kura ya mzee ilikuwa sawa na ya hakimu. Wazee wote wawili wakimpinga, ameshindwa, na hukumu anaiandika yeye mwenyewe. Nimewahi kuichapa ya namna hiyo, kaboni chini. Hakimu alikuja kuisoma mara mbili.

Uingereza ni kinyume: hakimu wa mahakama ndogo ni raia wa kawaida asiyelipwa mshahara, na anayemweleza sheria ni karani aliyeisomea. Sisi tulielekeza ada na muda wa rufaa, basi. Waliotutangulia walikuwa na sauti zaidi. Zama za machifu karani ndiye aliyesoma maandishi ya Serikali, na ile skuli ya Mzumbe Waingereza waliianzisha mwaka 1953 kuwafunza machifu na watumishi wao.

Baadaye mafunzo ya mahakimu yakahamia Lushoto, kisha wakaanza kuja wenye shahada. Sheria ya mwaka 2002 ikapeleka migogoro ya ardhi kwenye mabaraza yake. Tukabaki na mirathi, na humo shamba huingia kwa mlango wa nyuma. Hakimu msomi aliwageukia wazee mwishoni: "Wazee, mnaafiki?" Waliafiki. Mimi naona tulipoteza, maana shahada haifundishi nani alimpa nani ruhusa ya kupanda mwembe.

Kisha mawakili, waliozuiwa Mahakama ya Mwanzo miaka yote ile, wakaruhusiwa mbele ya hakimu mkazi. Mmoja alipanda kutoka mjini, akanifuata dirishani kuuliza kama kuna kitabu cha mila za Waluguru. Nikamwelekeza kwa mzee wetu aliyekwishastaafu, ng'ambo ya mto. Akaniuliza huyo mzee anatoza kiasi gani.