Neno la Siri Lirudi kwa Mwenyewe

Niemba nilikokulia, kwenye reli ya Kabalo na Kalemie, asiyejua kuandika alimpelekea karani barua yake. Karani aliandika habari za mahari, za deni na za ugonjwa, akanyamaza, ila alizijua. Nilipopata kazi ya kutunza kompyuta za Unix katika chuo kimoja Lubumbashi, nilijikuta nimekalia kiti kilekile.

Aliyesahau neno lake la siri alikuja ofisini kwangu. Kulisoma sikuweza. Mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, ulioanza kutumia maneno ya siri miaka ya 1960, uliyaweka wazi ndani ya faili, na mwaka 1962 Allan Scherr aliyachapisha yote. Unix nayo ilianza hivyo, kisha ikaacha: mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi neno linavyovurugwa kabla ya kuhifadhiwa, hata mwenye mamlaka yote asilione. Basi niliweka jipya na kuliandika kwenye kikaratasi. Tukawa wawili tunaolijua, na wengi hawakulibadilisha tena.

Amri ya passwd, ya kujibadilishia neno, ilikuwepo, lakini kwenye skrini nyeusi ambayo haionyeshi hata herufi moja unapoandika. "Mwanangu, mashine imekufa?" aliniuliza mwalimu mmoja mzee. Waliozoea kibodi ya Kifaransa wakikaa mbele ya ile ya Kiingereza, a yao iligeuka q bila wao kujua. Isitoshe, kwa utaratibu wa zamani herufi nane za mwanzo tu ndizo zilizohesabiwa: aliyeandika kalemietanganyika alilindwa na kalemiet, basi.

Ndipo tukatengeneza ukurasa wa wavuti. Mtumiaji aliona visanduku vitatu: neno la zamani, jipya, na jipya tena. Kazi ilikuwa nyuma yake. Faili la /etc/shadow, linalotunza maneno yaliyovurugwa, huandikwa na root, yule mwenye mamlaka yote, peke yake, na seva ya wavuti huendeshwa kwa jina lisilo na uwezo, makusudi, ili anayeivamia asipate mashine nzima. Kuipa nguvu za root tulikataa kabisa. Tuliweka poppassd, programu ndogo inayosikiliza mlango wa 106 na kudai neno la zamani kabla ya kupokea jipya. Kwa kuwa yenyewe haifichi chochote njiani, tuliifungia ndani ya mashine ileile, na ukurasa tukaupitisha kwenye SSL, inayoficha kinachosafiri.

Sijafanya kazi pale ninayoithamini kuliko hiyo. Walimu walibadilisha maneno yao usiku, wakiwa peke yao, bila kuniomba.

Baadaye chuo kililazimisha kila mtu abadilishe neno lake kila baada ya miezi michache. Watu wakaongeza tu namba mwishoni. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri desturi hiyo iachwe, pasipo dalili ya kuvuja. Nilifurahi. Kubadilisha ni haki ya mwenye siri, na yeye ndiye anayejua lini.